Kigezo

"Vigezo na masharti kuzingatiwa." Redio ya daladala ya Mbagala huyatamka mbiombio, hata watu wakadhani kigezo ni sharti lenyewe. Siyo. Neno latokana na kugeza, yaani kufuatisha. Fundi wa Keko akikata mguu mmoja wa kiti, akapimia mitatu iliyobaki, huo wa kwanza ndio kigezo.

Wanafizikia wa nyuklia wanalihitaji neno hili kuliko wauza vocha. Kompyuta hukokotoa urani kiasi gani ikikusanyika mpasuko wa atomu utajiendeleza wenyewe. Lakini nani aiamini hivihivi? Hulinganishwa kwanza na jaribio lililokwisha kufanywa na kupimwa kwa makini. Mojawapo ni Godiva, tufe la urani iliyorutubishwa sana, la kilo 52 hivi, lililoundwa Los Alamos, Marekani. Programu ikikosea hapo, ghalani inakohifadhiwa urani haitegemewi. (Urani asilia ya Mto Mkuju, Namtumbo, ina takriban asilimia 0.7 tu ya urani-235; hata ukijaza lori, mpasuko hautajiendeleza.)

Jaribio la namna hiyo, kwa Kiingereza "benchmark", wahariri, liiteni kigezo. Kiwango tuwaachie TBS, shirika la viwango, kule Ubungo, na "alama ya benchi" msithubutu.