Stesheni ya Iyunga

Sisi wa Mbalizi, safari ya garimoshi ilianzia Iyunga, iliko stesheni ya TAZARA ya Mbeya. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa mwaka 1976. Ilikusudiwa kuipatia Zambia njia ya bandarini isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia.

Marehemu baba alishika sururu katika ujenzi huo. Shaba ya Zambia hakuipata hata chembe. Lakini siku aliponisindikiza kwenda masomoni, aligonga behewa la daraja la tatu kwa kiganja, akacheka: "Panda, mwanangu. Nauli nyingine niliilipa zamani." Deni hilo, msomaji, sijalimaliza.