Umetolewa waya za meno? Riteina usiiache
Waya zikishatoka, ulimi unakutana na meno yanayoteleza, hata unayaona makubwa kuliko ulivyozoea. Usishtuke, utazoea baada ya siku chache. Fizi zilizovimba nazo hupungua ukipiga mswaki vizuri.

Shida ni kwamba meno bado hayajatulia. Mfupa na nyuzi zinazoyashika huhitaji miezi kadhaa kujijenga upya, na yakiachwa hivyo hurudi yalikotoka. Ndiyo maana unapewa riteina, kifaa cha kuyashikilia.

Ivae kama daktari alivyokuelekeza. Ioshe kwa maji baridi, maana ya moto huipinda. Ukikaa siku kadhaa bila kuivaa kisha ukaona inabana, ujue meno yameanza kuhama. Mwone daktari mapema, usije ukalazimika kufunga waya tena na kulipa upya.