Somalia: Vita vinavyoshindwa na ushindi

Januari 19, 2007, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha kikosi cha AMISOM kiende Somalia kwa miezi sita. Machi askari wa Uganda wakatua Mogadishu, na kabla ya mwaka kwisha wa Burundi wakawafuata. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, hadi mwaka 2022 AMISOM ikaipisha ATMIS, nayo ATMIS ikaipisha AUSSOM Januari 2025. Majina yamebadilika, vita ni vilevile.

Anayedhani majeshi ya kigeni yalikwama kwa kushindwa kupigana na atazame yaliyotangulia. Desemba 2006 Ethiopia ilivuka mpaka kuung'oa Muungano wa Mahakama za Kiislamu, uliokuwa umeishika Mogadishu tangu Juni. Siku chache tu zikatosha. Lakini serikali ya mpito iliyoingizwa mjini ilikuwa imeundwa Kenya mwaka 2004, haina mapato wala polisi wa kutosha, na inalindwa na jeshi la nchi iliyopigana na Somalia vita vya Ogaden. Al Shabaab, kundi la vijana lililokuwa ndani ya mahakama hizo, likapata hoja ya kukusanyia watu: kumfukuza mgeni. Ethiopia ilipoondoka Januari 2009, kundi hilo lilikuwa limekwisha kuenea sehemu kubwa ya kusini.

Kisha ikaja zamu ya Kenya. Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara Lamu, na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab, jeshi la Kenya, KDF, liliingia Somalia kwa Operesheni Linda Nchi. Mvua za vuli zikayanasa magari kwenye matope, msafara ukasuasua. Lengo la kwanza lilikuwa kuwafukuza watekaji. Likawa kuiteka bandari ya Kismayu. Kismayu ilipoanguka mwishoni mwa Septemba 2012, likawa kuilinda isichukuliwe tena. Kila lengo lililotimia lilizaa jingine, na hakuna hata moja lililotaja siku ya kurudi nyumbani. Kenya ikalipa kwa damu katika mashambulizi ya Al Shabaab: watu 67 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, na askari wake waliovamiwa kambini El Adde, Somalia, Januari 2016.

Kiini cha tatizo kinaonekana barabarani. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi dereva wa lori anavyofika kwenye kizuizi cha Al Shabaab, anatozwa kulingana na shehena, anapewa risiti, na kwenye kizuizi cha mbele akiionyesha anapita. Kwenye vizuizi vya wanamgambo na vya baadhi ya askari wa serikali, hudaiwa upya kila anaposimama. Hata Mogadishu, mji ambao kundi hilo liliuhama Agosti 2011, wapo wakazi wanaotoka nje ya mji kupeleka kesi za ardhi kwenye mahakama zake, kwa kuwa hukumu hutekelezwa. Ni kundi hilohilo linalolaumiwa kwa bomu la Oktoba 2017 lililoua zaidi ya watu 500 mjini humo. Watu wanaliogopa, na bado wanalipa.

Jeshi la kigeni linaweza kuteka bandari. Haliwezi kuwa hakimu wala mtoza kodi kwa niaba ya wenye nchi. Likikaa muda mrefu, wanasiasa waliokingwa nalo hupata nafasi ya kugombea madaraka badala ya kujenga mahakama. Likiondoka, pengo hujazwa na aliyekuwa akitawala kimyakimya. Ndipo muda huongezwa tena.

Kwa hiyo bunge lolote la kanda hii likiombwa kuidhinisha majeshi yavuke mpaka, lisitosheke kuuliza mji upi utatekwa. Lidai kujua nani atasikiliza kesi ya shamba wiki moja baada ya ushindi, nani atatoza kodi kwa haki, na ni hali gani ikifikiwa askari watarudi. Askari wetu na familia zao wana haki ya kupewa majibu hayo kabla ya gari la kwanza kuondoka.