Damu Yako Mwenyewe

Shangazi alinipigia simu Jumapili jioni. "Wewe si ulisoma hizi vitu? Wanasema watanitoa damu mkononi, waizungushe kwa mashine, halafu wairudishe kwa mji wa mimba. Ni ukweli ama ni uganga?"

Nilisoma mihula mitatu tu kabla karo kunishinda, lakini kwetu hiyo inatosha kuitwa daktari. Nikamwomba siku mbili.

Ana miaka 38. Miaka sita iliyopita mimba iliharibika, akaenda kusafishwa, na tangu hapo hedhi yake ni matone tu. Kliniki anayokwenda sasa inasema utando wa ndani wa mji wa mimba ni mwembamba mno. Madaktari wengi hutaka ufike kama milimita 7 kabla ya kuweka kiinitete.

Hadithi hii inaanzia kwa chuma cha daktari. Mwaka 1894 Mjerumani Heinrich Fritsch alieleza habari za mwanamke aliyekwanguliwa mji wa mimba baada ya kujifungua, asione hedhi tena. Mwaka 1948 Joseph Asherman akaandika kuhusu wengine 29. Ukikwangua kwa kina, unaondoa safu ya chini, ile inayootesha utando mpya kila mwezi. Kunabaki kovu, na wakati mwingine kuta za ndani zinashikana. Tatizo hilo likapewa jina la Asherman. Wanawake wenyewe mtaani walikuwa na jina lao tayari: tasa.

Damu nayo ilikuwa na safari yake, mbali kabisa na uzazi. Mwaka 1882, huko Torino, Giulio Bizzozero aliangalia kwa hadubini mishipa ya wanyama walio hai. Akaona kwamba mshipa ukijeruhiwa, chembe sahani, vile vipande vidogo sana vya damu, ndizo hukimbilia pale na kunata. Kwa miaka mingi zikajulikana kwa kazi hiyo tu, kuziba tundu.

Halafu 1974, kule Seattle, Russell Ross na wenzake walikuwa wakikuza seli za mishipa ya nyani. Walipozilisha majimaji ya damu yasiyo na chembe sahani, zilikaa tu. Chembe zikirudishwa, seli zinaongezeka. Kumbe fundi anayeziba tundu hubeba pia mbolea! Hapa ndipo wazo lote lilipo, na kusema ukweli ni wazo tamu: chota damu, izungushe, chukua sehemu ya plazma iliyojaa chembe sahani, iweke penye kidonda. Mwaka 1998 Robert Marx wa Miami akaripoti kuitumia kwenye mifupa ya taya. Baadaye ikaenda kwa magoti ya wanariadha na vichwa vyenye upara.

Kwa mji wa mimba ilifika imechelewa. Mwaka 2015 madaktari wa Uchina waliripoti wanawake watano wa IVF ambao utando wao ulikuwa umegoma. Waliwekewa kiasi kidogo sana cha plazma yao, mililita moja au chini yake. Utando ukanenepa, wote wakashika mimba.

Watano. Na hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha nao. Tafiti nyingine zimefuata, nyingi ndogo, na kila kliniki huandaa plazma kwa njia yake. Mwaka 2023 ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, ilisema haipendekezi. Lakini kliniki zinaendelea kuiuza, na naelewa kwa nini inanunulika. Dawa ya kigeni utaihoji. Damu yako mwenyewe utaihoji vipi?

Jumanne nikampigia. "Si uganga, shangazi. Ila bado haijathibitishwa, na pesa watachukua hata ikikataa."

Akanyamaza kidogo. "Na huyo mama wa 1894, aliitwa nani?"

Nikamwambia jina lililobaki ni la daktari.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Alhamisi namsindikiza. Ameniambia nibebe daftari nimwandikie maswali, na la kwanza amelitunga mwenyewe: kabla hamjaniwekea hiyo damu, mmeingiza kamera mkaangalia kama kuna kovu?