Mbolezi Iliyogeuzwa Bembelezi: Aria ya "Kuyas" na Suala la Umiliki wa Wimbo katika Muziki wa Okestra wa Kanada

Historia ya muziki wa okestra nchini Kanada katika nusu ya pili ya karne ya 20 aghalabu huandikwa kama historia ya kutafuta sauti ya taifa: watunzi waache kuiga Ulaya, wachote katika nchi yao. Insha hii inachunguza kisa kimoja ambapo kilichochotwa kilikuwa na mwenyewe.

Opera ya Louis Riel, iliyotungwa na Harry Somers kwa maneno ya Mavor Moore na Jacques Languirand, ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mnamo Septemba 1967, mwaka ambao Kanada iliadhimisha miaka 100 ya shirikisho. Inamhusu kiongozi wa Wametisi, watu waliochipuka kutokana na Wenyeji na Wazungu, aliyenyongwa Regina mwaka 1885. Tendo la tatu linafunguliwa na Marguerite, mke wa Riel, akimbembeleza mtoto kwa Kikrii. Aria hiyo, "Kuyas", ilipendwa kiasi cha kuimbwa hata nje ya opera.

Hata hivyo, lahani yake haikuwa ya Wakrii wala ya Wametisi. Mwaka 1927 Marius Barbeau na Ernest MacMillan walikwenda Mto Nass, British Columbia, kurekodi na kuandika nota za nyimbo za Wanisga'a. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo wa maombolezo wa nyumba ya Sgat'iin. Somers aliichukua lahani hiyo na kuivika maneno ya lugha nyingine.

Kwa msomaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili, uzito wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu: mbolezi iligeuzwa bembelezi. Kilichobadilika si maneno tu, bali dhima, muktadha na mwimbaji. Katika sheria ya Wanisga'a, wimbo wa aina hii ni mali ya nyumba. Kuuimba bila haki, au pasipo mahali pake, ni kosa la kisheria, na huaminika kuleta madhara. Ikumbukwe pia kwamba wakati wa kurekodiwa kwake, sheria ya Kanada ilikuwa imepiga marufuku potlachi, sherehe ambamo haki kama hizo zilithibitishwa hadharani. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1951. Kwa hiyo wimbo uliruhusiwa kuingia makumbusho, huku hafla zilizoulinda zikiwa jinai.

Sioni sababu ya kumhukumu Somers kama mwizi. Alifanya walivyofanya watunzi wengi wa zama zake, na huruma yake kwa Riel ni dhahiri. Lakini nia njema haikumpa haki ya wimbo.

Opera iliporejeshwa jukwaani mwaka 2017, suala hilo liliibuliwa hadharani, na mtaalamu wa Kistó:lō, Dylan Robinson, alikuwa miongoni mwa walioliandikia kwa kina. Mtunzi Ian Cusson, mwenye asili ya Kimetisi na Kifaransa cha Kanada, aliagizwa kutunga aria mbadala, "Dodo, mon tout petit", iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 2019. Marguerite sasa anaweza kumbembeleza mwanawe kwa wimbo uliotungwa kwa ajili yake. Nota na kanda za "Kuyas", hata hivyo, zingali maktabani.