Redio Iliyovuka Mstari wa Vita

Februari 25, 2002, siku ambayo serikali ya Kongo, waasi na vyama vya siasa walianza mazungumzo yao Sun City, Afrika Kusini, Radio Okapi ilisikika hewani kwa mara ya kwanza. Iliundwa na MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo, pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, na lugha zake zilikuwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Chiluba. Wanaosimulia historia yake huwasifu waandishi wake, na wana haki. Lakini waandishi hodari Kongo ilikuwa nao tangu zamani. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha sauti moja kwa siku moja Kinshasa, Goma na Kisangani, wakati miji hiyo miwili ya mashariki ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Njia hiyo ilikuwa setilaiti, nayo hutajwa kwa nadra mno.

Mtambo wa FM hausikiki mbali. Ukivuka makumi ya kilomita, sauti hukatika. Nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 huhitaji mitambo mingi, na kila mmoja lazima uletewe matangazo kutoka studio. Kabla ya setilaiti, kazi hiyo ilifanywa na nyaya za simu, au na msururu wa minara inayopokezana mawimbi, kila mmoja ukihitaji mafuta na mlinzi. Mnara mmoja ukilipuliwa, yote iliyo mbele yake inanyamaza. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta haijui mstari wa mbele uko wapi: studio hurusha mara moja, na kila dishi lililoelekezwa vizuri hupokea. Kuongeza mji mpya ni kupeleka dishi, kipokezi, mtambo, antena na jenereta. Hata hivyo kazi ya fundi haiishi. Karibu na ikweta, setilaiti ikiwa utosini, dishi hulala chali na kugeuka bakuli la maji ya mvua na majani, hadi litobolewe tundu chini.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kutegemeza kila kitu kwenye chombo kimoja. Hoja hiyo ina mfano wake. Mei 19, 1998, setilaiti ya Galaxy IV ilipoteza mwelekeo, na vituo vya Marekani vilivyopokea vipindi vya redio ya umma NPR kupitia kwake vikakatiwa matangazo. Lakini dawa yake ilikuwa kuyageuza madishi yaelekee setilaiti nyingine. Minara iliyobomolewa msituni na watu wenye bunduki haina dawa ya haraka namna hiyo.

Mwingine atauliza: kwa nini matangazo yasimfikie msikilizaji moja kwa moja kutoka angani? Kampuni ya WorldSpace ilijaribu. Ilirusha AfriStar Oktoba 1998 ili kuihudumia Afrika, ikauza redio za pekee ambazo mtu wa kawaida hakuzimudu, na mwaka 2008 ikaomba kinga ya mufilisi. Msikilizaji wa Bukavu tayari alikuwa na redio yake ndogo ya betri, na setilaiti ilifaulu pale ilipokubali kuuhudumia mtambo ambao redio hiyo iliuelewa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mtambo umesimama ardhini, na ardhi ina mwenyewe. Desemba 2012 matangazo ya Okapi yalikatwa Kinshasa baada ya redio hiyo kumhoji kiongozi wa waasi wa M23. Novemba 2016 ikawa zamu ya redio ya Ufaransa, RFI: masafa yake ya FM mjini humo yalizimwa kwa miezi kadhaa. Masafa mafupi yanayorushwa kutoka ng'ambo hayazimwi kwa kubonyeza swichi Kinshasa. Yatavurugwa tu, tena kwa gharama. Hapa anayeitetea setilaiti hana budi kukubali. Ila atazame miaka yenyewe. Mwaka 2002 serikali haikuwa na mkono Goma, na Okapi ilikuwa chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa pande zote mbili za vita. Kufikia 2012 kulikuwa na mamlaka ya kusimamia vyombo vya habari, na swali lake la kwanza lilihusu hati na vibali.