Ons Jabeur: Mataji matano, fainali tatu zilizomponyoka

KATIKA safu ya mataji ya Grand Slam, Mtunisia Ons Jabeur ana sufuri. Anayeishia kusoma safu hiyo pekee atamdhulumu.

Jabeur alizaliwa Ksar Hellal, Tunisia, Agosti 28, 1994. Mwaka wa 2011 alitwaa ubingwa wa chipukizi wa French Open, lakini ikambidi asubiri miaka kumi kabla ya kunyakua taji lake la kwanza la WTA. Hilo lilikuja Birmingham, Uingereza, Juni 2021, alipomlaza Mrusi Daria Kasatkina 7-5, 6-4. Hakuna mwanamke Mwarabu aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Mataji mengine yalikuwa ya Madrid na Berlin mwaka wa 2022, kisha Charleston na Ningbo mwaka wa 2023. La Madrid ndilo zito zaidi. Huko alimpiku Mmarekani Jessica Pegula 7-5, 0-6, 6-2. Juni 27, 2022 aliorodheshwa wa pili duniani, nafasi ambayo hakuna mwanamke mwingine wa Afrika amewahi kuifikia katika orodha ya WTA.

Majuma mawili baadaye alicheza fainali ya Wimbledon. Alishinda seti ya kwanza 6-3, kisha Elena Rybakina wa Kazakhstan akampokonya mbili zilizosalia, 6-2, 6-2. Septemba mwaka uo huo, Iga Swiatek wa Poland alimzima 6-2, 7-6 katika fainali ya US Open.

Kilele cha ustadi wake, hata hivyo, kilikuwa Wimbledon ya 2023. Aliwabwaga mabingwa wanne wa Grand Slam mfululizo: Bianca Andreescu, Petra Kvitova, Rybakina yule yule na Aryna Sabalenka. Ni Kvitova pekee ambaye hakumtangulia kwa seti moja. Baada ya kazi yote hiyo, fainali ilimkutanisha na Marketa Vondrousova wa Czech, mchezaji ambaye hata hakuwa miongoni mwa waliopangiwa nafasi za juu. Jabeur aliongoza 4-2 katika seti ya kwanza na 3-1 katika ya pili, akapoteza zote mbili 6-4. Alisema huo ndio ushinde uliomuuma kuliko wote.

Bega lilimkatizia msimu wa 2024. Julai 2025, akiandamwa na majeraha, alitangaza kupumzika mchezo huo kwa muda.